Mto Chini ya Kalina

Hapa Łódź waliufukia mto wao.
Viwanda vya pamba viliuchafua, wakaona haya,
wakautia kwenye mabomba, wakamwaga lami juu,
na leo tramu inapita juu yake bila kulowa.

Kwa hiyo wa kwangu niliupata ghorofa ya chini,
kwa Bi Wiesława, mfumaji mstaafu,
aliyepanda ngazi arobaini na nne akihema,
akausukuma mlangoni kama anayerudisha deni:
kipande cha mwezi, kitambaa cha mistari ya buluu,
ndani makapi ya mtama.
"Si sponji," alisema kwa sauti kubwa,
maana yeye husema yote kwa sauti kubwa.
"Sponji humsahau mtoto."

Ilikuwa siku ya sita. Mshono wa tumbo ukivuta.
Nilikuwa nimejaribu mito mitatu ya kitandani,
koti la Kacper lililokunjwa, kamusi ya Kijerumani;
kila kimoja kilididimia, nami nikadidimia nacho,
mgongo umepinda kama ndoana ya kutundikia nguo,
Kalina akilia kwa hasira ya mtu aliyeahidiwa.
Mkunga alishaniambia, amenikazia macho:
usilipeleke ziwa kwa mtoto, mlete mtoto ziwani.
Rahisi kusema. Mtoto wa kilo tatu na robo
saa tisa za usiku ni gunia la saruji.

Nikauzungusha kiunoni.
Ukachakarika, kama mtu anayepepeta chumba cha pili.
Nikamlaza ubavu, tumbo kwa tumbo,
pua ikitazama chuchu,
na mikono yangu, ajabu, ikabaki bila kazi.
Mmoja ukashika chai iliyopoa.
Mwingine ukaenda kwenye unywele wake mmoja
unaosimama utosini kama swali.

Akashika.
Maumivu yakapanda hadi kwenye magego,
nikahesabu mpaka kumi na nane,
yakaachia.
Akameza. Nilimsikia akimeza.
Basi mto ukafika ziwani.

Sitasema tangu hapo ukawa mteremko.
Alhamisi nilipata homa, titi la kushoto gumu kama kiazi.
Ijumaa nilimkuta Kacper, ametoka zamu ya usiku,
amelala juu ya makapi yangu, mdomo wazi,
nikauchomoa chini ya kichwa chake bila huruma.
Na pindo likafumuka kidogo: mpaka sasa
naokota makapi kwenye vikunjo vya shingo ya Kalina.

Jumapili Bi Wiesława alipanda tena.
Miaka thelathini na moja kati ya mashine za kufumia
ilimla masikio, kwanza la kulia.
Alikaa. Akatutazama tukinyonyeshana.
Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza:
"Unaliaje?"
"Bafuni," nikajibu kabla sijafikiri,
"nikishafungulia bomba."
Alinisoma midomo, akatikisa kichwa.
"Mto. Mto unaliaje?
Nimeshona kumi na mmoja. Sijausikia hata mmoja."

Nikaanza na mvua, nikaacha.
Nikaanza na majani makavu ya Oktoba,
yale anayoyasukuma mfagiaji wa bustani,
nikaona midomo yangu inamchosha.
Nikamshika mkono, vidole vyenye makovu ya nyuzi,
nikauweka kwenye mto, chini ya kisigino cha Kalina.
Kila alipovuta, kisigino kilipiga teke dogo,
makapi yakasogea.

Tramu ikapita huko chini, juu ya maji yasiyoonekana;
kikombe kikatetemeka kwenye kisahani.
Mkono haukuondoka
mpaka maziwa yalipokwisha upande huo
nami nikalazimika kumgeuza.